Kuku Wekundu wa Jirani

Nilipoolewa Kathiani, miaka ya tisini ikielekea kwisha, mke wa shemeji yangu alikuwa tayari na kuku. Maboma yetu yalitenganishwa na ua wa mikaratusi tu, kwa hiyo kila jambo zuri la kwake nililiona.

Kuku wake walikuwa wekundu, wazito, wenye mwendo wa mama mjamzito. Mama mkwe wetu, ambaye sisi wote tulimwita Mwaitu, macho yalikuwa yameanza kumwacha. Alasiri alikaa kwenye kigoda huko ng'ambo, kuku mmoja amelala mapajani pake, akimpapasa manyoya. Kwangu alipita kusalimia tu.

Miaka michache baadaye nikaamua kufuga. Sikumwuliza jirani ni kuku gani wanafaa mtu anayeanza, ulimi ulikataa. Nilienda sokoni Machakos nikanunua weupe, wembamba, kwa sababu muuzaji alisema hawa wanataga kushinda wekundu. Hilo "kushinda" ndilo nililosikia.

Walitaga kweli. Lakini nikipiga chafya walijirusha ukutani. Binti yangu mdogo alipofungua mlango wa banda, mmoja alimpiga bawa usoni. Kuanzia siku hiyo akawa anavuka ua kwenda kushika kuku wa huko. Jioni alirudi na manyoya mekundu kwenye sweta, akinisimulia. Mwaitu nilimvumilia. Huyu alikuwa wangu.

Niliwarudisha sokoni kuku wale. Safari hii nilimkuta mama mmoja muuzaji, nikamwambia nataka wapole.

"Mayai kidogo utavumilia?"

"Nitavumilia."

"Basi chuchumaa hapa, utie mkono kwenye tenga. Anayekimbilia nyuma, mwache. Anayesimama akuangalie, huyo chukua."

Nilirudi na wekundu watano, aina ileile ya jirani. Binti yangu aliwaangalia, akasema wazuri, kisha akavuka ua. "Wale wananijua," aliniambia, bila ubaya wowote. Nilikaa jikoni nikachambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Baadaye mke wa shemeji alikuja kuwaona. Aliketi chini kwenye vumbi na sketi yake safi, akafungua kiganja chenye mahindi yaliyopondwa. Kuku wangu, ambao mimi nilikuwa nikiwakimbiza bandani wiki nzima nipate kuwashika, walimjia mmoja mmoja.

"Wewe unawaendea kama polisi," alisema. "Kaa. Watakuja wenyewe."

Aliposema hivyo niliona wivu mpya juu ya ule wa zamani, maana alikuwa amesema kweli na kwa upole, na nisingeweza hata kumkasirikia.

Alipoondoka, nilikaa. Kesho yake pia. Nilijisikia mjinga, mtu mzima kukaa chini mchana wakati kuna kuni za kupasua. Halafu siku moja kuku mmoja alipanda gotini, akazunguka kama anatafuta mahali pazuri, akajikunja. Alikuwa na joto na mzito kuliko nilivyodhani.

Binti yangu alisimama mlangoni, ametoka ng'ambo. "Mama, naweza kumshika?"

"Ngoja," nilimwambia. "Kwanza nimshike mimi."