Kopo la Mama Pindo

"Shoga, siku hizi unalewa mchana kweupe?" Jirani wa mlango wa pili alimuuliza hivyo dada yangu alipomwona akiyumba kutoka bombani.

"Ningelewa ningekualika," dada akamjibu, wakacheka wote.

Dada ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Mama Pindo, kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka. Hakuwa amelewa, masikini. Nyayo zake zilikuwa hazisikii ardhi. Hata akishona, ilibidi ainame aone kama mguu bado uko kwenye pedali. Ulimi nao ulimwiva, mwekundu, laini, chai ya vuguvugu inamchoma.

Zahanati walipima wingi wa damu tu, wakasema imepungua, ameze vidonge vya kuongeza damu. Vilipokwisha, wenzetu wa sala wakamletea kwa huruma vile walivyobakiza enzi za ujauzito. Akavitia kwenye kopo la vifungo, akawa anameza. Na damu ikapanda! Tukamshukuru Mungu. Miguu ikazidi kufa ganzi.

Siku mguu ulipokataa kusimamisha pedali, sindano ya cherehani ikampitia kidole cha mkono, ndipo nikampeleka hospitali kubwa. Mpimaji wa maabara alipaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini kwa muda mrefu.

"Mama, anayekosa madini ya chuma, chembe zake za damu huwa ndogo, zimepauka. Zako ni kubwa kupita kiasi. Tupime vitamini B12."

Majibu yakaja: karibu haimo kabisa. Tumbo lake haliifyonzi. Daktari akatueleza taratibu kwamba vile vidonge vilikuwa na foliki ndani, vitamini nyingine ya kuongeza damu; vilipandisha damu, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Akasema pia ugonjwa huu huweza kuandama ukoo.

"Nitakanyaga tena cherehani, mwanangu?" dada akamuuliza.

Daktari akaangalia viatu vyake mwenyewe. "Sindano za B12 zitazuia madhara yasizidi, mama. Mishipa iliyokwisha kuharibika, siwezi kukuahidi."

Sasa cherehani imefunikwa shuka. Juzi binti yake, ambaye ndiye anayemwogesha, aliacha chai ipoe, eti ulimi unamuwasha na mwili hauna nguvu. Akanyoosha mkono kwenye kopo. Dada akaliwahi, akalikumbatia kifuani, akanigeukia.

"Mdogo wangu, mpeleke mwanangu wakamtazame chembe. Asimeze hivi mpaka wajue anaumwa nini."