Gari la mbio la yaya wangu lilimaliza safari moja tu, na halikuwa na injini

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimefuatilia ubishi wenu kuhusu magari ya mbio yaliyofeli, kwamba yangepewa development zaidi yangeokoka au la. Nimejaribu kunyamaza nikashindwa. Haya niliyaona kwa macho yangu Bunia, mtaa wa Lumumba, wakati wa vita ya Ituri. Anayedhani natunga aendelee tu kusoma.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, yaya Dieudonné, alikuwa fundi. Kabla ya vita, vijana wenye magari walikuwa wanashindana Jumapili nje ya mji, naye akaunda lake: bodi ya mabati, kiti kimoja, na injini ya pampu ya maji kutoka machimbo ya dhahabu ya Kilo.

Ndiyo, pampu.

Halikuwahi kumaliza mashindano. Mara maji yachemke kabla ya kuanza. Mara boneti ing'oke, iruke na kutua mbele, watu waseme boneti imeshinda. Yaya alikuwa na jibu moja tu: "Inabakia kitu kidogo."

Vita ikaja. Wapiganaji walikuwa wanachukua kila gari linalotembea, kwa hiyo wenye magari walifungua magurudumu wakayaficha darini. Yaya hakufungua kitu. Walipofika kwetu, mmoja alilizunguka gari akauliza, "Hii iko gari ao marmite?" Yaani sufuria. Wakacheka, wakaenda zao.

Mimi nilimshukuru Mungu. Mama alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kutembea, na hiyo sufuria ndiyo ilikuwa imebaki na magurudumu mtaani kwetu. Nilimwomba yaya aliache baya vile vile, siku ya kukimbia limbebe Mama hata mpaka nje ya mji tu.

Lakini yaya alikuwa amenuna. Wakuu, sitanii, mtu alinuna kwa sababu hajaibiwa.

Akaanza development. Akaweka rejeta ya lori, akanyoosha mabati, akapaka rangi nyekundu. Nyekundu, katikati ya vita! Asubuhi moja injini ikawaka kwa jaribio la kwanza, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na mtaa mzima ukasikia.

Wale jamaa nao wakasikia. Walirudi wakauliza kama marmite inatembea sasa. Angeweza kusema hapana. Aliinua kidevu akasema, "Inapita zenu zote."

Wakaondoka nalo. Nikaanza kumchukia.

Haikupita wiki, mapigano yakaingia Lumumba. Tukakimbia kuelekea Marabo, Mama mgongoni, tukipokezana, naye analia kwa maumivu kila tukimhamisha. Wengine walibeba vyungu na magodoro. Yaya alibeba funguo zake za ufundi, nami nikazidi kumchukia.

Tumetoka mjini kidogo tu, tukaliona. Jekundu, pembeni ya barabara, injini imekufa. Boneti ilikuwa na tundu za risasi, nadhani wale jamaa walishikwa na hasira.

Yaya akachuchumaa, akatazama ndani, akasema inabakia kitu kidogo. Karibu nimpige.

Mama ndiye aliyeongea. "Toa hiyo kitu yote inatoa moshi. Mimi natafuta fasi ya kukaa."

Yaya akaifungua injini yake mwenyewe, akaiangusha kwenye nyasi. Alikuwa analia. Tukampandisha Mama kwenye kile kiti kimoja, na kwa kuwa kiti kilikuwa nyuma ya usukani, ikabidi awe dereva.

Tukasukuma. Bila injini lilikuwa jepesi ajabu. Kwenye mteremko mmoja likatuponyoka, likapita wenye baiskeli, likapita wenye mbuzi, nasi tunakimbia nyuma roho mkononi. Tukamkuta chini amelielekeza kwenye kilima likasimama lenyewe, ameshika usukani, mzima.

Tulifika Marabo. Ndiyo safari pekee gari lile lilimaliza.

Kwa hiyo wakuu, mimi naamini development inaokoa gari, ila mara nyingine ni ya kupunguza. Na ukishalifanya zuri, jifunze kunyamaza. Wenye maoni tofauti karibuni, mtukane taratibu.

Yaya yeye hakujifunza. Jioni ile ile Marabo alianza kuulizia nani anauza injini. Mama akamwita, akamwambia polepole, "Iache vile iko, mwanangu. Bado tuko na njia ya kurudia nyumbani."