Marahaba ya Bibi

Juzi nilitumiwa kwenye simu filamu fupi ya Bibi akisuka ukili. Niliwahi kuiona utotoni, mchana vijana wa kwetu Mwera walipotuonyesha filamu zao darasani, madirisha yamezibwa kwa khanga, joto likinuka mafuta ya nazi. Bibi tulikuwa tumeshamzika. Alipoinua uso kwenye shuka la ukutani, nilisimama kwa adabu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu," akaitikia, kama alivyozoea kuniita.

Mama alinivuta nikae, huku akiukodolea macho ukuta. Nilidhani nimemwaibisha mbele za watu.

Sasa nimeiangalia mara nne, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Bibi anasuka, anainua uso, anainama tena. Mdomo haufunguki kabisa.