Beki Aliyepata Alama za Chini

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakunywa chai katika hoteli moja ya Gitothua. Meza ya pili walikaa kocha wa timu ya mtaa na meneja wake, ambaye ni msimamizi katika kiwanda kimoja cha Thika. Meneja alikuwa amewapa wachezaji wote alama, jinsi anavyowapima wafanyakazi wake. Wa mwisho alikuwa beki wa miaka thelathini na tisa.

"Huyu hana tija tena, kocha," alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Kiwandani mashine ikichoka tunaitoa."

Kocha alikoroga chai yake. "Basi mwambie wewe mwenyewe. Huyo anaingia."

Beki aliingia akichechemea, akawasalimu kwa mikono miwili, akaketi. Meneja alikohoa, lakini beki akamtangulia.

"Bosi, nimekuja kuwaambia naacha kucheza. Magoti yamekataa. Jezi yangu mpeni yule beki mgeni wa kutoka Gatuanyaga. Nimemfundisha tangu aje, kila asubuhi kabla ya kazi. Sasa ako tayari."

Meneja aliitazama karatasi. "Huyo ndiye nimempa alama za juu kabisa," alisema polepole. "Nani alikutuma umfundishe?"

"Hakuna. Kwani si timu ni yetu?"

Meneja aliikunja karatasi mara nne. "Wewe huendi popote. Kuanzia Jumatatu unafundisha mabeki wote."

Nimehudhuria semina nyingi za uongozi, na sijaona fomu yenye nafasi ya kumpa alama mtu anayemwandaa mwenzake achukue nafasi yake.