Sindano Kabla ya Kengele ya Ulingo

Siku yangu ya kwanza kazini katika ukumbi wa mazoezi wa kambi yetu, hapa Kampala, bondia mmoja aliyekuwa akisubiri pambano alitapikia viatu vyangu. Nilikuwa sajini, dresa wa jeshi, mfunga vidonda na mdunga sindano, na viatu nilikuwa nimevipiga rangi vikang'aa hasa. Miaka hiyo ya sabini wanajeshi ndio waliotawala nchi, na kiatu kichafu kilitosha kumtia mtu matatani. Mimi nilicheka tu, kwa kuwa ugonjwa nilioletwa kuutibu ulikuwa huohuo.

Kazi ya sindano nilijifunza mashariki, kwenye mradi wa mpunga, nilikopelekwa kumsaidia daktari wa Kichina. Sindano hizi hazina dawa ndani. Ni nyembamba kama unywele, na kila jioni tulizichemsha. Ile ya tumbo la woga huchomwa upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya kifundo, katikati ya kano mbili. Ikifika mahali pake, mgonjwa husikia uzito, au kitu kinavuta kuelekea kidole cha kati. Huo tuliuita mwitikio, na bila mwitikio umetoboa ngozi tu. "Usimwulize kama inauma," mwalimu wangu alikuwa akisema. "Mwulize anasikia nini, kisha nyamaza."

Aliyenitapikia aliitwa Koplo Odong, kijana wa kaskazini. Mazoezini hakuna aliyemweza, lakini siku ya pambano alitetemeka hata glavu zikawa hazifungiki. Meja, mkuu wetu wa michezo, aliniita akanieleza kwamba Wakenya wanakuja na wakubwa wote watakuwepo. "Huyu akitetemeka tena," akasema, "mimi najua pahali ya kumpeleka." Miaka ile hukuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi nikamlaza Odong kwenye benchi, nikamchoma, nikamwuliza anasikia nini.

"Muzuri, afande."

Nikaizungusha sindano. Muzuri, afande. Nikaichomoa kabisa bila yeye kuona, nikamwuliza tena. Muzuri, afande. Askari alifundishwa kwamba kwa mkubwa jibu ni moja, na kumkaripia kungemzidishia tu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hao hawakuishi kambini.

Nikakaa mimi kwenye benchi, nikampa sindano, nikamwamuru anichome. Alikosa, akarudia. Ilipofika nikamwambia wazi kwamba inavuta hadi kidoleni na tumbo linalegea. Nikaongeza kwamba mimi pia naogopa, maana yeye akishindwa, sitapona.

"Mimi hapana ogopa ngumi," akasema, safari hii bila afande. "Mimi naogopa ile bakubwa nakaa mbele. Ndugu yangu walichukua. Sasa mimi napigana, wao nacheka."

Niliumia moyoni. Sindano ya jambo hilo sikuwa nayo, na nilimwambia hivyo. Tumbo na mikono, hivyo niliviweza. Tangu hapo alinieleza kila alichosikia, nami nikapapata mahali pake barabara. Jioni ya pambano nilimchoma mkononi na sikioni, nikachomoa alipoitwa. Alipanda ulingoni mikono imetulia, akamwangusha Mkenya raundi ya pili, kisha akamwinua kwa heshima.

Sasa nimestaafu, naishi Kansanga, na makocha vijana hunifuata wakidhani sindano inatia ushujaa. Haitii. Inautuliza mwili ili mwenyewe atumie alichonacho, na hata hiyo ni kama atakubali kukwambia kweli. Wakibisha, nawasimulia asubuhi iliyofuata pambano lile.

Meja alikuja peke yake, akafunga mlango, akaniambia hapati usingizi. Nikamchoma, nikamwuliza anasikia nini. Akasema hakuna kitu. Nikazungusha, hakuna kitu. Sindano ilikuwa mahali pake, kazi yangu naijua. Nikavuta pumzi, nikamwambia mkubwa wangu avue shati, lile lenye vyeo mabegani, maana akiwa amelivaa hataweza kusema neno. Alinikazia macho mpaka nikaanza kumfikiria mke wangu na wanangu. Kisha akalivua, akalitundika kwenye msumari, akakaa na fulana yake iliyotoboka, akaanza kulia.