Shujaa Asiyebisha Hodi

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu ninayeishi naye mtaa wa Mutanga Kusini, aliniazima riwaya ya mapenzi ya zama za wafalme. Shujaa wake anamvizia msichana mtoni, anambeba kwa nguvu, na kufikia sura ya mwisho msichana anampenda. Nilikifunga kitabu kwa hasira. Nilimwambia dada yangu alibebwa hivyo hivyo akichota maji, na hakumpenda yule mtu hata siku moja.

"Lakini Bibi, mwanamume alimpenda kweli!"

"Anayependa huja na wazee wake na pombe ya posa, akangoja jibu. Hata Bwana Yesu husimama mlangoni akabisha hodi!"

Kisha akauliza, "Bibi, kumbe ulikuwa na dada?"

Namshukuru Mungu aliuliza. Nilimsimulia yote, hasira ikiwa haijapoa.