Mwanangu Aliyekuwa Akisikiliza Meli

Mwanangu wa mwisho kazi yake ilikuwa kusikiliza. Aliponiambia, nikacheka. "Unalipwa kwa kusikiliza? Basi mimi wanilipe kwa umbea!"

Akanieleza, maana mimi sikusoma. Wako baharini kwenye meli ya ulinzi, wanashusha majini chombo kama sikio. Chenyewe hakitoi sauti, kinasikiliza tu. Yeye kavaa hedifoni, anasikia pangaboi za meli zilizo mbali, hata macho hayazioni. "Kila meli na mlio wake, mama. Ya mizigo, dugu, dugu, dugu. Ya wavuvi, trrrr, ina haraka kama shangazi." Alivyoigiza, nikasema huyu wangu kabisa. Hapa mtaani Mandewa hakuna nisiyemuigiza.

Halafu akaugua homa ya uti wa mgongo. Mwili ukapona, masikio yakafa. Wakamrudisha kwangu.

Sasa hapa kwetu, usipoitikia salamu umetukana. Vijana wanapita, "Shikamoo!" Kimya. Nawasikia wanasemea puani, "Katoka kwenye meli, sisi vumbi." Siku moja shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, akasimama nyuma yake. Akakohoa, akasubiri aamkiwe. Wapi! Akanijia na ile sauti yake ya debe tupu, "Shemeji, mtoto wako hana adabu! Nimesimama pale kama mwombaji!"

Nami nikamrudishia kwa sauti hiyohiyo ya debe, "Shemeji, hasikii! Hata radi hasikii!"

Shemeji akazunguka mbele ya mwanangu, akamshika bega, akasema "Marahaba, baba," na hakuna aliyekuwa amemwamkia.

Juzi tulikuwa uani tunapepeta alizeti. Mwanangu akaacha ungo, akasema, "Mama, meli zote ninazo kichwani. Sauti yako ndiyo imeanza kunitoka."

Mimi ninayeigiza watu wote, yangu nimwonyesheje? Nikachukua kiganja chake nikakiweka kooni kwangu. Nikaongea. Nikamtania kama zamani, kichwa kama kibuyu wewe, ulichelewa kutembea, ulinimaliza mgongo kwa kukubeba. Kafumba macho, kainamisha kichwa, anatafuta. Nikaongea mpaka maneno yakaniishia, koo likabaki linatetemeka lenyewe.

Akafumbua macho. "Mama, hapo unacheka au unalia?"

Nikajifuta haraka. Nikamwambia, midomo taratibu ili aione vizuri, "Nacheka, baba."